Wengi Wape: Kanuni za Kuhesabu Kura na Uwakilishi wa Haki

Utangulizi

Katika mazungumzo ya siasa husemwa mara kwa mara kwamba uchaguzi ni sauti ya wananchi. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika. Kati ya sauti ya mpiga kura na kiti cha mbunge pana chombo kinachosimama katikati, nacho ni kanuni: kanuni ya kugawa majimbo, kanuni ya kupiga kura na kanuni ya kuhesabu. Chombo hicho kikipinda, sauti ya wananchi hutoka upande wa pili ikiwa imepinda, hata kama hakuna karatasi moja iliyoibwa wala sanduku moja lililofunguliwa gizani.

Hebu tutazame mifano miwili ya mwaka 1 tu, 2024. Mwezi Mei, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilipata takriban asilimia 40 ya kura. Kikapewa viti 159 katika Bunge lenye viti 400, kikapoteza wingi wake, na kikalazimika kuunda serikali pamoja na vyama vingine. Mwezi Julai, chama cha Labour cha Uingereza kilipata takriban asilimia 34 ya kura, yaani pungufu ya ANC. Kikapewa viti 411 katika Bunge lenye viti 650, na kikatawala peke yake kwa wingi mkubwa ajabu. Aliyepata kura nyingi zaidi kwa uwiano alihesabiwa kuwa amedhoofika; aliyepata chache alihesabiwa kuwa ameshinda kwa kishindo. Hakuna aliyeiba. Tofauti yote ilitokana na kanuni.

Makala hii ina shabaha ya kueleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na kwa nini kada wa Chama na mwanafunzi wa siasa hapaswi kuliacha mikononi mwa wanasheria na wataalamu wa takwimu peke yao. Historia yetu wenyewe inatuonyesha kwamba kanuni ya kuhesabu kura inaweza kuamua amani au vurugu.

Kura huwaje kiti?

Mifumo ya kuchagua wabunge ni mingi duniani, lakini ukiichambua utaona kuwa inatokana na mizizi miwili, na tawi moja linalounganisha mizizi hiyo.

(a) Mfumo wa wingi wa kawaida. Nchi hugawanywa katika majimbo, na kila jimbo humchagua mtu mmoja. Anayepata kura nyingi kuliko kila mpinzani wake ndiye mbunge, hata kama kura zake hazifiki nusu. Mfumo huu tuliurithi kutoka kwa Waingereza, kama walivyourithi majirani zetu wa Kenya, Uganda na Zambia.

(b) Mfumo wa uwiano. Nchi nzima, au mkoa mzima, huhesabiwa kama jimbo moja kubwa. Kila chama huweka orodha ya wagombea wake, na viti hugawanywa kwa kadiri ya kura. Chama kilichopata robo ya kura hupata karibu robo ya viti.

(c) Mfumo mchanganyiko. Wabunge wengine huchaguliwa majimboni, na wengine hutoka katika orodha za vyama ili kufidia vyama vilivyopata kura nyingi na viti vichache. Ujerumani Magharibi ilianza kutumia mfumo wa namna hii mwaka 1949.

Tuuchunguze zaidi mfumo wa kwanza, maana ndio tunaouishi. Tuchukue nchi ndogo ya mfano yenye majimbo matatu, kila jimbo lina wapiga kura 1,000, na vyama ni viwili. Katika jimbo la kwanza chama cha kwanza kinapata kura 900 na cha pili 100. Katika jimbo la pili na la tatu chama cha kwanza kinapata 450 na cha pili 550. Jumlisha: chama cha kwanza kina kura 1,800 na kiti kimoja, chama cha pili kina kura 1,200 na viti viwili. Chama cha pili ndicho kitakachounda serikali, ingawa wananchi watatu katika kila watano walikikataa.

Kosa limetokea wapi? Majimbo yalikuwa sawa, na hesabu ilikuwa sahihi. Jambo lililotokea ni kwamba kura za chama cha kwanza zilirundikana mahali pamoja. Ili kushinda jimbo la kwanza zilihitajika kura 501 tu. Kura 399 zilizobaki hazikufanya kazi yoyote. Wakati huohuo kura zake 900 za majimbo mawili mengine zilizama bila kuleta kiti. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya upotofu: mtawanyiko wa kura.

Sababu ya pili ni ukubwa wa majimbo. Jimbo moja likiwa na wapiga kura 20,000 na jingine 80,000, na kila moja likawa na mbunge mmoja, basi kura ya mtu wa jimbo dogo ina uzito mara nne ya kura ya mtu wa jimbo kubwa. Kwa maneno mengine, mtu mmoja amepewa kura moja na mwingine robo ya kura, ingawa wote wawili wamepewa karatasi moja.

Ni kwa ajili hii kwamba anayechora mipaka ya majimbo ana madaraka makubwa, pengine kuliko wagombea wenyewe.

Funzo la Zanzibar

Mfano wa majimbo matatu si mchezo wa darasani. Ulitokea hapa kwetu, na matokeo yake yamo katika historia ya taifa letu.

Mwezi Julai 1957 Zanzibar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilivyopigiwa kura vilikuwa 6 tu. Haki ya kupiga kura ilizungushiwa masharti, na wanawake hawakuwamo kabisa. Hata hivyo picha ya kisiasa ilikuwa wazi: Zanzibar Nationalist Party (ZNP), ambacho wananchi wengi walikiita Hizbu, hakikupata hata kiti kimoja. Katika jimbo la Ng'ambo, Abeid Amani Karume alimshinda Ali Muhsin Barwani kwa tofauti kubwa ya kura.

Uchaguzi wa pili ulifanyika Januari 1961. Sasa viti vilikuwa 22. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata viti 10, ZNP viti 9, na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) cha Mohamed Shamte, kilichojitenga na ASP mwaka 1959, kilipata viti 3. Wajumbe watatu hao wa ZPPP wakawa ndio wenye turufu mkononi. Wakagawanyika: wawili wakaenda kwa ZNP na mmoja kwa ASP. Pande zote mbili zikawa na wajumbe 11 kwa 11, na serikali ikashindwa kuundwa.

Likaongezwa jimbo la 23 ili sare isirudi, na uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni mwaka huohuo. Safari hii ZNP na ZPPP waliafikiana kutogombania majimbo. ASP ilipata karibu nusu ya kura zote za Visiwani, lakini viti vyake vikabaki 10. ZNP ilipata viti 10 na ZPPP 3, wakaunda serikali pamoja. Ghasia zilizozuka wakati wa uchaguzi huo ziliua watu 68.

Kisha ukaja uchaguzi wa Julai 1963, ambao ulikuwa wa kuamua nani ataipokea serikali ya Uhuru. Majimbo yalikuwa 31. Wasomaji na watazame hesabu hii kwa makini:

ASP: kura zaidi ya 87,000, viti 13.
ZNP: kura karibu 48,000, viti 12.
ZPPP: kura zaidi ya 25,000, viti 6.

ASP ilikuwa na takriban asilimia 54 ya kura zote. ZNP na ZPPP kwa pamoja walikuwa na asilimia 46. Lakini wao ndio waliopata viti 18 kati ya 31, na wao ndio waliounda serikali. Ukigawanya kura kwa viti utaona kwamba kila kiti cha ASP kiligharimu kura karibu 6,700, na kila kiti cha muungano wa ZNP na ZPPP kiligharimu kura karibu 4,100. Kura tano za wafuasi wa ASP zilikuwa na nguvu ya kura tatu za wenzao.

Ilikuwaje? Ni ule mfano wa majimbo matatu. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo ya Unguja, ambako ilishinda kwa wingi uliopita kiasi. Kisiwani Pemba haikukosa wafuasi, bali walitawanyika majimboni mwa wengine, na ikaambulia viti 2 tu. Wapinzani wake walishinda majimbo mengi kwa wingi wa kadiri, bila kupoteza kura bure.

Kwa miaka mingi watu wamebishana iwapo mipaka ile ilichorwa kwa hila za wakoloni au ilitokana tu na jinsi watu walivyokaa. Somo letu halitegemei jibu la swali hilo. Hata kama mchoraji wa mipaka alikuwa mwadilifu kama malaika, mfumo wenyewe uliruhusu wengi washindwe na wachache watawale. Laiti viti vile 31 vingegawanywa kwa uwiano wa kura, ASP ingepata 17, ZNP 9 na ZPPP 5. Kwa kura zilezile, za watu walewale, siku ileile, serikali ya Uhuru ingekuwa nyingine.

Uhuru ulitolewa tarehe 10 Desemba 1963 kwa serikali iliyoongozwa na Shamte, huku Sultani akibaki kuwa mkuu wa nchi. Siku 33 baadaye, tarehe 12 Januari 1964, serikali hiyo ilipinduliwa.

Hapa hapana budi tuwe waangalifu. Mapinduzi ya Zanzibar hayakuletwa na hesabu ya kura peke yake. Mizizi yake ilikuwa katika umilikaji wa ardhi na mikarafuu, katika utumwa na kumbukumbu zake, katika ubaguzi wa shule, kazi na makazi, na katika ukoloni uliowapanga watu kwa makabila na rangi. Mchambuzi anayedai kwamba mfumo mwingine wa kura ungeliondoa mvutano wote huo anajidanganya. Lakini uchaguzi ulikuwa ndiyo njia iliyobaki ya kumaliza mvutano huo kwa amani, na njia hiyo ilifungwa mbele ya macho ya watu waliokuwa wamekwisha kuhesabu kura zao na kuona kwamba wao ni wengi. Wahenga walituachia neno fupi: wengi wape. Anayewanyima wengi haki yao kwa hila au kwa hesabu asishangae wakiifuata kwa njia nyingine.

Afrika Kusini: 1948 na 1994

Zanzibar haikuwa peke yake. Mwaka 1948 Afrika Kusini ilifanya uchaguzi ambao Waafrika, waliokuwa ndio wananchi walio wengi, walitengwa nao. Dhuluma hiyo ya kwanza inajulikana. Lakini ndani yake ilikuwamo dhuluma ya pili, ya wapiga kura wenyewe kwa wenyewe. United Party cha Jan Smuts kilipata karibu nusu ya kura zilizopigwa. National Party cha D. F. Malan, kilichokuja na siasa ya apartheid, hakikufika asilimia 40. Pamoja na hayo National Party kilipata viti 70 na United Party viti 65. Malan akaungana na chama kidogo chenye viti 9, akaunda serikali.

Sababu zilikuwa zilezile mbili. Kwanza, sheria iliruhusu jimbo la mashambani kuwa na wapiga kura pungufu kwa asilimia 15 ya wastani, na jimbo la mjini kuwazidi wastani kwa asilimia 15. Hivyo kura ya mkulima mkubwa wa Kikaburu ilizidi kura ya mtu wa Johannesburg. Pili, kura za Smuts zilirundikana mijini. Waliotawala kwa njia hiyo walibaki madarakani hadi mwaka 1994, na Afrika nzima inajua gharama yake.

Ulipofika wakati wa kuandika kanuni mpya, ANC ilikuwa chama ambacho kila mtu alijua kitashinda kwa mfumo wowote. Kwa kutumia majimbo ya mbunge mmoja mmoja, huenda kingejizolea viti vingi zaidi ya kura zake. Lakini pande zote zilikubaliana juu ya mfumo wa uwiano. Mwezi Aprili 1994 ANC ilipata karibu asilimia 63 ya kura na viti 252 kati ya 400. National Party kilipata viti 82, na Inkatha viti 43. Hata PAC, kilichopata zaidi kidogo ya asilimia 1 ya kura, kiliingia Bungeni na wabunge 5. Tena Katiba ya muda iliweka kwamba chama chenye viti 80 kina haki ya kutoa naibu wa Rais, na chenye viti 20 kina haki ya kuwa na mawaziri.

Kwa nini mshindi akubali kugawana alichoweza kukichukua chote? Kwa sababu nchi ilikuwa ukingoni mwa vita. Yule aliyekuwa na bunduki nje ya Bunge alipaswa kuonyeshwa kwamba ndani pana kiti chake, kama anacho cha kura. Huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa wa hali ya juu, wala haukuwa udhaifu.

Lesotho: ushindi uliozidi kipimo

Mfano wa tatu ni wa namna nyingine, maana aliyeshinda viti alikuwa pia na kura nyingi. Mwezi Mei 1998 chama cha Lesotho Congress for Democracy kilipata takriban asilimia 61 ya kura. Ushindi huo ulikuwa halali na mkubwa. Lakini mfumo wa majimbo ulikipa viti 79 kati ya 80. Chama cha Basotho National Party, chenye karibu robo ya kura, kilipata kiti kimoja.

Robo ya wananchi walijiona hawamo katika nchi yao. Tume iliyoongozwa na Jaji Pius Langa wa Afrika Kusini ilichunguza malalamiko na haikuthibitisha kwamba matokeo yaliibiwa. Lakini aliyepata kura moja katika kila nne na kiti kimoja katika kila themanini ni vigumu kumshawishi kwamba hakuibiwa. Maandamano yakawa ghasia, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia mwezi Septemba, na sehemu kubwa ya katikati ya mji wa Maseru ikateketea.

Baada ya hapo Lesotho ilibadili kanuni. Uchaguzi wa 2002 ulifanywa kwa mfumo mchanganyiko: viti 80 vya majimbo na viti 40 vya kufidia. Chama kilichotawala kilishinda tena majimbo karibu yote, na kikaendelea kutawala. Basotho National Party kilipata viti 21 kutokana na fidia, kikaingia Bungeni badala ya kuingia barabarani. Wengi hawakupoteza chochote kilicho chao. Wachache walipata kilicho chao.

Kwetu Tanzania

Tanzania nayo imepita katika zaidi ya mfumo mmoja. Katika uchaguzi wa 1965, chini ya chama kimoja, TANU ilisimamisha wagombea wawili katika majimbo yaliyoshindaniwa, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Kwa kuwa walikuwa wawili tu, kila mshindi alipata zaidi ya nusu ya kura halali za jimbo lake. Wananchi walilitumia jembe na nyumba kuwaondoa hata wakubwa. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa. Hiyo ilikuwa nguvu ya mfumo ule. Mpaka wake ulikuwa kwamba mpiga kura aliweza kumbadili mtu, lakini hakuulizwa juu ya kubadili chama wala siasa inayoongoza.

Mwaka 1992 nchi iliingia katika vyama vingi, na kanuni ya wingi wa kawaida ikaendelea. Uchaguzi wa 1995 unafaa kusomwa na kila kada. CCM ilipata takriban asilimia 59 ya kura za wabunge, na viti 186 kati ya 232 vya majimbo, yaani asilimia 80. NCCR-Mageuzi ilipata karibu asilimia 22 ya kura na viti 16. CUF ilipata karibu asilimia 5 tu ya kura na viti 24. Chama chenye kura mara nne ya mwenzake kilipata theluthi mbili ya viti vya mwenzake! Sababu ni kwamba kura za NCCR-Mageuzi zilitapakaa Bara, zikishika nafasi ya pili mahali pengi, wakati kura za CUF zilikusanyika Pemba, ambako majimbo ni madogo.

Lipo funzo kwa chama kinachoongoza katika hesabu hii, na tuliseme bila kupepesa macho. Anayetazama Bunge lile angedhani kwamba wananchi wanne katika kila watano walikichagua Chama. Ukweli ni kwamba karibu wawili katika kila watano hawakukichagua. Viti si watu. Kada anayesoma viti akadhani amesoma watu atakwenda vijijini akiwa amelewa ushindi, hatasikiliza, na siku moja atashangaa. Mfumo unaomzidishia mshindi viti humpa mamlaka, lakini pia humziba masikio.

Hata hivyo Katiba yetu tayari imepokea kanuni ya uwiano katika sehemu moja. Viti maalum vya wanawake, ambavyo mwaka 1995 vilikuwa 37 na viligawanywa kwa kufuata viti vya majimbo, vilikuja kugawanywa kwa uwiano wa kura za wabunge miongoni mwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura hizo. Katika Bunge lililochaguliwa mwaka 2015 viti hivyo vilikuwa 113. Viti hivyo vina kazi mbili: vinaleta wanawake ambao majimbo yaliwaacha nje, na vinapunguza kidogo upotofu wa mfumo wa majimbo. Kazi ya pili haizungumzwi sana.

Kiti cha urais kina swali lake, maana hakigawanyiki. Kenya mwaka 1992, Daniel arap Moi alichaguliwa kwa takriban asilimia 36 ya kura, kwa sababu wapinzani wake walizigawana zilizobaki. Katiba ya Kenya ya 2010 ikaweka kwamba mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Sisi tulikwenda njia nyingine: sharti la zaidi ya nusu ya kura liliondolewa katika Katiba ya Muungano mwaka 2000, ikabaki kanuni ya wingi wa kawaida. Zanzibar nayo, baada ya miaka ya migogoro, ilifanya kura ya maoni mwezi Julai 2010, ambapo takriban theluthi mbili ya waliopiga kura walikubali serikali ya umoja wa kitaifa, yenye Makamu wa Kwanza wa Rais anayetoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili. Kanuni ya majimbo haikuguswa. Kilichobadilishwa ni kile ambacho mshindi anaruhusiwa kukichukua.

Hakuna mfumo usio na gharama

Baada ya kusema hayo, tusije tukadhani kwamba uwiano ni dawa ya kila ugonjwa.

Kwanza, mbunge wa orodha hana jimbo. Mwananchi ambaye kisima chake kimekauka au mazao yake hayajalipwa humwendea nani? Mbunge wa jimbo hupatikana, hulaumiwa na huondolewa. Mbunge wa orodha humwogopa yule aliyeandika orodha. Afrika Kusini wenyewe walilalamikia jambo hili. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba sheria haiwezi kumlazimisha mtu apitie chama ili agombee, na katika uchaguzi wa 2024 wagombea binafsi waliruhusiwa.

Pili, husemwa kwamba uwiano huvipa vyama vidogo nguvu ya kuyumbisha serikali. Hoja hii ina ukweli, lakini tusiitie chumvi. Zanzibar 1961 haikuwa na mfumo wa uwiano, na bado wajumbe watatu waliishika nchi nzima.

Tatu, kila kanuni ina mwanya wake. Lesotho mwaka 2007, vyama vikubwa vilijifungamanisha na vyama vidogo: kimoja kikashindana majimboni na kingine kikachukua viti vya fidia, wakala pande zote mbili za meza. Ilibidi sheria irekebishwe tena mwaka 2011. Mfumo mzuri mikononi mwa watu wasio na nia njema hugeuka kuwa chambo.

Nne, hakuna mfumo wa kuhesabu unaoweza kuponya daftari la wapiga kura lililoharibika, tume isiyoaminika, au mgombea aliyeenguliwa kabla ya siku ya kupiga kura.

Wajibu wa kada

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza kwamba kila kada na kila mwanafunzi, anapoutazama uchaguzi wowote, wa kitaifa au wa kijiji, wa Chama au wa Serikali, aulize maswali matatu.

La kwanza: Kila kura ina uzito sawa? Hapa tunatazama ukubwa wa majimbo, na nani aliyeyachora.

La pili: Kura ngapi zilizama? Hapa tunajumlisha kura za nchi nzima na kuzilinganisha na viti, kama tulivyofanya kwa mwaka 1963 na 1995. Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Inahitaji kalamu, karatasi na uaminifu.

La tatu, na ndilo gumu kuliko yote: Kanuni hii tungeikubali kama sisi ndio tungekuwa tumeshindwa? Mshindi hana haraka ya kuichunguza ngazi aliyopandia. Lakini chama cha wananchi hakipimwi kwa jinsi kinavyozitetea kanuni zinazokipendelea. ASP mwaka 1963 ilikuwa na wengi, na kanuni zikaunyima wingi huo. Warithi wa historia hiyo wana sababu kuliko wengine wote ya kujua uchungu wa kura isiyohesabiwa, awe amepigiwa nani.

Kwa hiyo neno la wahenga tulichukue lote. Wengi wape, maana serikali ni yao. Lakini wachache nao wapewe kadiri ya uchache wao, isizidi na isipungue. Haki ya uwakilishi si kumpendeza aliyeshindwa. Ni kuhakikisha kwamba kila mwananchi akitazama ndani ya Bunge anaweza kusema: kura yangu nayo ilihesabiwa.